Barua kwa mwanangu: yule msomaji wa saa tatu usiku

Mwanangu Neema,

Nimepata ujumbe wako na kile kipande cha sauti. Nimekisikiliza nikiwa nimebana simu sikioni, kama tulivyokuwa tukifanya na tepu mbovu pale studio. Umeuliza swali moja tu: "Mama, ungekuwa wewe ndiye Bruce Belfrage, yule msomaji wa habari wa BBC, usiku ule, bomu limelipuka juu yako, ungeendelea kusoma?" Baba yako aliposikia akacheka, eti mama yako hanyamazi hata paa likianguka. Mwache.

Ngoja kwanza nikupangie siku yenyewe, maana kipande chako kinaanzia kwenye kishindo, na siku haikuanzia pale. Tarehe 15 Oktoba 1940 ilikuwa Jumanne. Waingereza wa wakati ule walikuwa na idhaa moja kuu, Home Service, iliyokusanya idhaa zote za zamani tangu Vita Kuu ya Pili inaanza, na pembeni yake ile ya wanajeshi iliyoongezwa baadaye. Televisheni ilikuwa imezimwa tangu Septemba 1939. Asubuhi, saa mbili na robo, kulikuwa na The Kitchen Front, dakika tano za kumshauri mama wa nyumbani afanye nini na kile kidogo cha mgao wa chakula. Saa nne na nusu, na tena alasiri, Music While You Work, muziki wa kuwachangamsha walioko viwandani. Utabiri wa hali ya hewa haukusomwa kabisa mpaka vita inakwisha, kwa sababu rubani wa Ujerumani naye ana masikio. Siku mbili kabla, binti wa mfalme, Elizabeth, akiwa na miaka 14, alikuwa amezungumza redioni na watoto waliohamishwa makwao kukimbia mabomu.

Na wafanyakazi wenyewe walikuwa wakilala humohumo Broadcasting House, jengo la BBC pale London. Ukumbi wa muziki uligeuzwa bweni: magodoro sakafuni, mablanketi yametundikwa katikati, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Hilo la mablanketi huwa linanifurahisha. London inaungua, na bado kuna mtu amekaa akafikiria pazia.

Jioni ile bomu likapenya jengo na kutulia ghorofa ya tano, kwenye maktaba ya muziki, bila kulipuka. Lilikuwa la aina ile inayochelewa. Belfrage yuko chini kabisa, studio ya ardhini. Saa tatu usiku ikagonga, akaanza taarifa yake. Dakika chache tu, likalipuka. Wafanyakazi saba walikufa. Redioni unasikia mshindo mzito, kimya kidogo, halafu mtu yule anaendelea na sentensi yake. Wanasimulia kwamba alipuliza vumbi kwenye karatasi kwanza. Mimi hilo naliamini, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya: mkono unashughulikia karatasi kabla akili haijafika.

Usisahau mwaka wenyewe ulivyokuwa. Aprili ileile, Quisling, mwanasiasa wa Norwei aliyekuwa upande wa Wajerumani, alitumia redio ya Oslo kujitangaza mkuu wa serikali huku Wajerumani wakiingia. Kwa hiyo redio ikinyamaza katikati ya habari, mtu wa huko kwako Leeds angefikiria nini? Angefikiria wameshaingia. Ndiyo sababu wasomaji wa habari, ambao zamani hawakuwa wakijitaja, mwaka ule walianza kusema majina yao kabla ya kusoma. Watu wazoee sauti, ili siku adui akikamata kipaza sauti wajue kwamba huyo si msomaji wao.

Sasa unaniuliza kama ningeendelea kusoma. Mwanangu, ningepewa hiyo karatasi kwanza?

Unajua l zangu na r zangu. Shuleni Dar mlinicheka wewe na kaka yako mpaka mkachoka. Basi kuna mwaka, wewe hujazaliwa, mvua ilifunga barabara na msomaji wa zamu hakufika. Saa mbili usiku inakaribia, fundi mitambo ananitazama kupitia kioo, mkuu wa zamu anazunguka na karatasi mkononi. Mwishowe akanikabidhi. Humo ndani kulikuwa na rambirambi za Rais, ajali ya lori, na barabara ya lami itakayojengwa mkoani. Utadhani aliyeandika alinikusudia. Nilisoma. Sikukwama popote. Ile lami niliipanda polepole kama mtu anayevuka daraja la miti, lakini nilifika.

Babu yako alikuwa Tarime, redio juu ya meza, jirani wamejaa kama kawaida. Jina langu sikulitaja, hatukuwa na utaratibu huo. Shangazi yako anasema nilipofungua tu mdomo na kutoa salamu, mzee alisimama, akawanyamazisha wote kwa mkono, akasema, "Huyo ni wangu." Hakukaa mpaka nikamaliza. Kesho yake alikuwa ameshafika mnadani kuwauliza watu kama walisikia.

Na kesho hiyohiyo mimi niliitwa ofisini. Nikaambiwa nimesoma vizuri, nashukuriwa, lakini taarifa ya habari ina heshima yake. Nikarudishwa kwenye salamu za wagonjwa. Mtu aliyesema maneno hayo ni marehemu na sitamtaja. Ila "ina heshima yake" nimeibeba mpaka leo, na nikiwa naosha vyombo huwa bado namjibu.

Ndiyo maana katika hadithi zote za redio yao ya vita, anayenikaa rohoni ni Wilfred Pickles, si Belfrage. Wewe uko karibu na kwao kabisa, alikuwa mtu wa Halifax. Mwaka 1941 walimleta London asome habari kwa lafudhi yake ya Yorkshire, na usiku akawaaga watu wa kaskazini kwa namna yao. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba Mjerumani aliyejifunza Kiingereza cha wakubwa asingeweza kumwiga. Waliolalamika ni wasikilizaji. Wapo waliosema habari zikisomwa kwa sauti ile haziaminiki! Mabomu yanadondoka, taifa zima linaambiwa ni moja, halafu linakwazwa na irabu za mtu wa Halifax. Hakudumu kwenye kazi hiyo. Nilipolisoma nilifunga kitabu nikatoka kuangalia kuku.

Nimekwambia tangu uko sekondari: msikilizaji si mtoto. Mwambie, atabeba. Mpe sauti asiyoizoea, ataizoea. Babu yako hakuwa na darasa kubwa, lakini hajawahi kukataa habari kwa sababu ya mdomo uliozileta.

Hapo najua utanishika. Utasema: Mama, kama msikilizaji si mtoto, mbona Belfrage hakumwambia kilichotokea? Alisoma mpaka mwisho na lile bomu hakuligusia. Nami nimelifikiria hili usiku kucha. Angetaja, angekuwa anamjulisha adui kwamba amelenga vizuri, na usiku unaofuata angerudi palepale. Hiyo ni hoja, siipingi. Lakini kuna familia saba. Wengi kwenye nchi ile saa tatu usiku walikuwa mbele ya redio, na nani ajuaye kama mmojawapo hakuwa mama wa mmoja wa wale waliokuwa ghorofa ya juu, anasikiliza sauti iliyotulia na kujiambia, basi huko kazini kwa mwanangu kuko salama. Sauti ileile iliyozuia hofu Leeds ilikuwa inamdanganya yeye. Haikusema uongo wowote, na bado.

Halafu tena najijibu: alijua nini Belfrage mwenyewe? Alisikia kishindo tu. Yuko chini ya ardhi, taa nyekundu inawaka, hana wa kumuuliza. Hawezi kutangaza vifo asivyovijua. Msomaji anasoma kilichoandikwa. Lakini maneno hayo, "anasoma kilichoandikwa", ndiyo wakubwa wetu waliyatumia kila walipotaka tunyamaze, kwa hiyo nayo siyaamini sana.

Ukinibana niseme alifanya sawa au hakufanya sawa, nina jibu, na liko mdomoni. Silisemi, kwa sababu wewe ndiye unayeandika hiyo insha, na nikilisema utaliandika kama lilivyo halafu mwalimu wako atajua. Andika lako kwanza, unitumie, ndipo tubishane.

Ila kwenye insha mtie Pickles. Hata aya moja. Na kama Halifax si mbali, nenda siku moja ukatafute mzee wa huko, umuulize walipomsikia mtu wao akisoma habari kutoka London nyumba ilikuwaje. Nirekodie anavyojibu, kwa lafudhi yake hiyohiyo, usije ukanifupishia.

Baba yako anauliza kama koti lilifika.

Mama