Manyoya ya Paka Yadakwe Kabla ya Kuanguka

Mheshimiwa Mhariri,

Swali lenu la wiki hii liliuliza mtu awezaje kuishi na paka ndani ya nyumba bila ya manyoya kutapakaa katika nguo, vitanda na vyombo, au kama ni heri paka atolewe nje kabisa. Nimeona nijibu kwa urefu, kwa sababu kazi yangu ni kushona mabuibui na kanzu, naifanyia nyumbani kwangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, na kwa miaka 16 sasa nyumba yangu haijakosa paka. Anayeshona vazi jeusi asubuhi na vazi jeupe jioni hawezi kuyapuuza manyoya, kwani yasipoonekana katika hili yataonekana katika lile.

Paka niliwaweka kwa sababu ya panya. Nyumba yetu ni ya mawe, yenye boriti za zamani na matundu ambayo hatujaweza kuyaziba yote, na kabla ya kuja paka wa kwanza panya walinitafunia jora la kitambaa cha nida kutoka ukingoni hadi katikati, nikaambulia vipande vya kushonea mitandio ya watoto. Kwa hiyo anayenishauri nimtoe paka ili niepukane na manyoya ananitaka nibadilishe uchafu unaofutika kwa hasara isiyofutika. Hata hivyo manyoya nayo yalinitia hasara. Katika mwaka wangu wa pili wa kufuga, mteja alinirudishia buibui alilolishonesha kwa ajili ya Idi, na aliponionyesha niliona manyoya meupe baina ya kitambaa na bitana, yameshikwa na mshono wenyewe, hayatoki ila kwa kuufumua upande mzima. Kosa lilikuwa langu. Nililifumua, nikalishona upya, nikamwomba radhi, kisha nikakaa kufikiri unyoya ule ulifikaje pale. Nilirudi nyuma kutoka vazi hadi meza ya kukatia, kutoka meza hadi sakafu, kutoka sakafu hadi mto anaolalia paka, na mwisho nikamfikia paka mwenyewe. Nimeamini tangu siku hiyo kwamba kazi ya manyoya huanzia mwilini mwa paka, na kwamba anayeanzia sakafuni atafagia maisha yake yote.

Unyoya hukua kwa muda wake, kisha huacha kukua na kukaa tu ndani ya ngozi, mpaka usukumwe na mwingine unaoota chini yake. Ukishalegea hauanguki papo hapo. Hulala baina ya wenzake ukingoja paka ajinyooshe, ajikune au ajisugue kwenye mguu wa meza. Ukiutoa kwa kitana siku hiyo, umemalizana nao. Ukiuacha, utautafuta kesho katika shuka, keshokutwa katika kabati, na wiki ijayo ndani ya pindo la kanzu ya mtu. Wenzetu wa nchi za Ulaya huona paka wao wakipukutika zaidi majira ya kuchipua na majira ya kupukutika majani, kwa kuwa mwili wa paka hufuata urefu wa mchana. Hapa Mombasa tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa katika mwaka ni kama nusu saa tu, na ndiyo maana paka wetu hupukutika kidogo kidogo mwaka mzima, bila ya msimu wa kusema sasa yamekwisha. Asiyetambua hilo hungoja afueni isiyokuja.

Kitana ninachotumia ni kile chenye meno membamba yaliyokaribiana, ambacho mama zetu walitutolea chawa tulipokuwa wadogo. Namchana paka baada ya alasiri, akiwa ameshiba, uani, wala si chumbani hata siku moja. Kwanza namsugua kwa mkono uliolowa kidogo, ili manyoya yaliyolegea yashikane yasipeperuke, kisha napitisha kitana kwa kufuata ulalo wa manyoya, kuanzia shingoni, mgongoni, hadi mapajani ambako hujikusanya mengi zaidi. Tumboni sigusi mpaka mwenyewe aridhie. Dakika 5 za kila siku zina faida kuliko nusu saa ya Jumamosi, kwa sababu paka huchoka, mwenye kumchana huanza kumlazimisha, na paka aliyelazimishwa mara moja hukikimbia kitana kwa mwezi mzima. Yanayotoka nayatia katika kopo lenye maji kidogo ili upepo usiyarudishe ndani. Wako wanaopendekeza paka anyolewe, nami sikubaliani nao. Manyoya humkinga na jua kali la kwetu, na paka mweupe ambaye masikio yake yana manyoya machache huweza kupata saratani ya ngozi masikioni kwa jua hilohilo. Paka asiyepukutika kabisa sijamwona. Hata kadzonzo, yule paka wa msitu wa Arabuko-Sokoke hapa pwani, ambaye Jeni Slater alianza kumfuga huko Watamu mwaka 1978 na ambaye leo anajulikana duniani kwa jina la Sokoke, ana manyoya mafupi yaliyolala, yasiyo na manyoya laini mengi chini yake, na bado huyaacha alipolala.

Paka naye hujichana. Ulimi wake una miiba midogo iliyoelekea nyuma, na mwaka 2018 watafiti wa Marekani walieleza kwamba ncha ya kila mwiba ina uwazi kama kijiko, unaobeba mate na kuyafikisha hadi kwenye ngozi. Kwa kuwa miiba inaelekea kooni, manyoya yanayonaswa humezwa, na ndiyo yale mafundo anayoyatapika juu ya zulia. Kila unyoya unaotoka kwa kitana ni mmoja pungufu tumboni mwake. Paka anayetapika mafundo hayo mara kwa mara, au anayejikakamua bila ya kutoa kitu huku akikataa chakula, asingojewe. Apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Sasa niseme juu ya vitambaa, kwa kuwa hapa ndipo ninapopajua zaidi. Vitambaa havishiki manyoya kwa namna moja. Nida na vitambaa vingine vya nyuzi za viwandani, vikisuguliwa mezani au vikipigwa pasi, huzaa umeme mdogo unaovuta manyoya kutoka mbali, hata yaliyokuwa yakielea hewani. Kwa hiyo sipigi pasi buibui lililokamilika mpaka niwe tayari kulikunja na kulifunga wakati huohuo. Mahameli ni mabaya zaidi, kwa kuwa nywele zake huuficha unyoya ukazama, na kuutoa hutaka subira na karatasi ya gundi iliyozungushwa kwenye vidole, gundi ikiwa nje, huku ukigonga wala husugui. Pamba laini, kama ya khanga iliyofuliwa mara nyingi, hushika manyoya lakini huyaachia ikikung'utwa. Kwa sababu hiyo kila jora langu nimelifunika kwa khanga kuukuu, na kila anapolala paka nimetandika khanga kuukuu pia. Paka hulala mahali alipopachagua, si ulipomchagulia. Basi mwachie mahali pake, utandike kitambaa ambacho utakiondoa na kukikung'uta kila baada ya siku 2, na manyoya mengi yatakusanyika hapo badala ya kusambaa katika vyumba vitatu. Meza ya kukatia naifuta kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kila kazi, hata kama naiona safi.

Kufua nako kuna utaratibu ambao wengi wanaukosea. Nguo yenye manyoya isitiwe majini moja kwa moja, kwa kuwa unyoya uliolowa hujisokota ndani ya uzi na kukausha hakutauondoa. Ikung'utwe kwanza nje, ikiwa kavu, igeuzwe ndani nje, ikung'utwe tena, ndipo ilowekwe. Wenye mashine za kufulia wasafishe chujio kila baada ya kufua, na wanaofulia bafuni waweke kipande cha wavu kwenye tundu la maji, la sivyo fundi wa mabomba atawatoza kwa manyoya yaliyoshikana na sabuni.

Katika kufagia, mfagio wa chelewa unafaa uani lakini chumbani huyarusha manyoya juu, yakatua tena mara unapoweka mfagio chini. Feni izimwe kwanza. Sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, na zulia lisuguliwe kwa glavu ya mpira au hata kwa soli ya ndara safi, kwa kuvuta upande mmoja tu, nawe utaona manyoya yakijikunja na kuwa kama kamba. Mkeka wa ukindu hufagiwa kwa kufuata msuko wake, kisha hutundikwa kichwa chini na kupigwa kwa nyuma. Chandarua husahauliwa katika nyumba nyingi, ilhali sehemu yake ya chini, ile inayochomekwa chini ya godoro, hunasa manyoya kama wavu wa mvuvi na kuyakaribisha puani mwa aliyelala. Chakula kifunikwe kwa kawa, kama zamani.

Wapo wasomaji ambao wasiwasi wao mkubwa ni sala, na nadhani wanastahili jibu. Paka mwenyewe si najisi. Sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji anywe, na akamnukuu Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba paka ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Unyoya uliokwisha kumtoka una hukumu yake katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata: huhesabiwa kuwa najisi, lakini uchache wake husamehewa, kwa kuwa ni vigumu kujikinga nao. Mimi nimeona wepesi huo usinifanye mzembe, kwa hiyo msala wangu na khanga zangu za kusalia hukaa ndani ya kabati lililofungwa, na mwenye shaka zaidi amwulize mwalimu wake.

Kitana kina faida nyingine ambayo ufagio hauna, nayo ni kumpa mtu habari za paka. Mwaka fulani niliona manyoya yakitoka kwa mafungu karibu na shina la mkia wa paka jike, pamoja na chembe nyeusi kama vumbi la makaa. Nilizitia juu ya kipande cheupe cha bafta kilicholowa, zikageuka rangi ya kutu. Ilikuwa damu iliyomeng'enywa na viroboto. Hapa nawasihi wasomaji wasikie: dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, hasa yenye permethrini, ni sumu kwa paka na huweza kumuua, hata ikiwa ni tone tu lililobaki katika chupa ya jirani mwenye nia njema. Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya usoni au masikioni huenda yakawa choa, ambacho humwambukiza binadamu, na kwanza watoto; paka huyo asichanwe ndani, kitana chake kisitumiwe kwa mwingine, na daktari amtazame. Chakula nacho husomeka katika manyoya. Paka wangu wa mwanzo niliwalisha wali uliochanganywa na mchuzi, nikidhani nawafanyia ihsani, na manyoya yao yalikuwa makavu yenye kukatika. Manyoya ni protini, na paka ni mla nyama. Nilipoanza kuwapa dagaa waliopikwa, vipande vya kuku na maini kidogo, yalianza kung'aa na yale ya kitanani yakapungua. Lakini samaki wa mafuta mengi kama jodari asiwe chakula cha kila siku peke yake, kwa kuwa humpunguzia paka vitamini E, wala samaki asipewe mbichi siku zote, kwani wako ambao ubichi wao huharibu vitamini B1.

Nimeacha jambo zito mwisho. Binti wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 9, anaishi nasi na ana pumu. Kinachowasumbua watu kama yeye hasa ni protini iitwayo Fel d 1, inayotoka katika mate na katika tezi za mafuta za ngozi ya paka. Unyoya wenyewe ni kipandio chake tu, na chembe zake ni ndogo kiasi cha kuelea hewani kwa saa nyingi na kubaki kwenye kuta na magodoro kwa miezi baada ya paka kuondoka. Kwa hiyo kumtoa paka leo hakumponyi mtoto kesho, na paka aliyefukuzwa mtaani hurudi dirishani akiwa na viroboto. Ikiwa daktari ataamua kwamba paka hana budi kuondoka, basi aondoke, ila akabidhiwe mtu atakayemtunza. Kwetu daktari aliona tujaribu kwanza. Mtoto alipewa chumba cha juu, kisicho na zulia, ambacho paka haingii hata mara moja. Shuka na foronya zake hufuliwa kwa maji moto kila wiki. Yeye hamchani paka wala hayuko uani ninapomchana, nami hubadilisha khanga na kunawa kabla ya kupanda kwake. Dawa zake anazitumia kama alivyoandikiwa, kwani usafi haushiki nafasi ya dawa. Kila anapopelekwa kupimwa kifua, daktari humwuliza kwanza kama mlango wa chumba chake bado unafungwa, naye mpaka sasa amekuwa akimjibu kwamba unafungwa.