JIBU: Kwa nini poliyurethani yenye vifungo vingi inachelewa kuoza

Mkuu, umesema karatasi zako za poliyurethani (plastiki ya minyororo iliyoungwa kwa vifungo vya urethani) umezitengeneza kwa polikaprolaktoni, plastiki inayooza taratibu, ukaongeza glisirini ziwe imara, na sasa zina wiki nane majini bila kupungua uzito. Unauliza kama vifungo mtambuka, yaani vile vinavyounganisha mnyororo mmoja na mwingine, vimezuia uozaji. Swali hilihili lilinitesa kwenye utafiti wangu wa uzamili, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Wiki nane ni chache. Polikaprolaktoni peke yake, bila kifungo mtambuka chochote, huchukua zaidi ya mwaka kuisha kwenye maji ya nyuzi joto 37 za Selsiasi. Usiitwishe glisirini lawama zote.

Glisirini ina mikono mitatu ya haidroksili (oksijeni na haidrojeni), sehemu zinazoshika minyororo. Inapoingia, minyororo hufungwa pamoja kama nyuzi za wavu kwenye mafundo. Ukiongeza mafundo, matundu yanakuwa madogo: karatasi inakuwa ngumu, haivutiki sana, na ukiitia kwenye kiyeyushi inavimba tu bila kuyeyuka. Maji nayo hupenya kwa shida kuvifikia vifungo vya esta vilivyo ndani ya minyororo ya polikaprolaktoni, ambavyo ndivyo huanza kukatika. Vya urethani ni vikaidi zaidi.

Kilichonichanganya ni fuwele. Minyororo ya polikaprolaktoni hupenda kujipanga na kufanya fuwele zinazoyeyuka karibu na nyuzi 60, na maji hayapenyi humo kirahisi. Vifungo mtambuka vichache huvuruga mpangilio huo. Sampuli yangu yenye vifungo vya wastani ilioza haraka kuliko ile isiyo na kifungo kabisa! Nilidhani nimechanganya lebo, nikarudia jaribio zima, majibu yakawa yaleyale. Nilipozidisha vifungo ndipo kasi iliposhuka, kwa sababu sasa wavu wenyewe ulikuwa umebana.

Halafu uzito unapotosha. Ukikata uzi mmoja wa wavu hakuna kipande kinachodondoka. Lazima kikatwe pande zote kinakoshikiliwa. Karatasi inaweza kuwa imeshalegea vibaya huku mizani ikisoma vilevile. Pima nguvu ya kuvuta kila baada ya wiki mbili. Pia loweka kipande kwenye kiyeyushi kama tetrahaidrofurani, kikaushe, ulinganishe uzito uliobaki na wa mwanzo. Sehemu isiyoyeyuka ikipungua, au uvimbaji ukiongezeka, ujue vifungo vinakatika.

Kagua na unyevu. Mimi nilifanyia kazi Dar es Salaam, na glisirini hunyonya maji ya hewani. Isosianati, ile kemikali inayoungana na haidroksili kutengeneza urethani, ikikutana na maji hutoa kaboni dioksidi: unapata viputo, na hesabu yako ya uwiano inaharibika. Ikaushe glisirini kwenye ombwe (chombo kilichotolewa hewa) kabla ya kuchanganya. Na isosianati ikizidi, joto likiwa juu, huendelea kushikana na vifungo vya urethani vilivyokwisha kutengenezwa, ukapata mafundo ambayo hukuyapanga.

Ukitaka kujaribu mafuta ya nyonyo kama nilivyofanya baadaye, kumbuka tayari yana wastani wa haidroksili kama 2.7 kwa kila molekuli. Yanajifunga yenyewe, glisirini ya ziada iliifanya karatasi yangu ivunjike nilipoikunja.

Tuwekee uwiano wa isosianati kwa haidroksili uliotumia, na aina ya isosianati. Kama karatasi hizi zimekusudiwa kuwekwa mwilini, hilo la aina ni la kuangaliwa mapema: karatasi za isosianati ya toluini zikioza zinaweza kuacha amini zenye sumu, ilhali za isosianati ya laisini hurudi kuwa laisini, asidi amino ambayo mwili unaijua.