Kipimo cha noti kwa asiyeona: namna ya kukitengeneza na kinapodanganya

Noti za Tanzania hazilingani urefu. Ya 1,000 ndiyo fupi, ikifuatiwa na 2,000, 5,000 na 10,000, kila moja ikizidi iliyotangulia kwa nusu sentimita hivi. Upana hutofautiana kidogo mno kwa kidole kubaini.

Tafuta plastiki ngumu. Mfuniko wa ndoo ya rangi unafaa. Boksi liache, unyevu wa Tukuyu utalivimbisha. Kata ukanda wa sentimita 9 kwa 4. Kwenye ncha ya juu gundisha kipande kidogo kiwe mdomo wa kuzuia noti. Chukua noti mpya, moja ya kila aina, na mtu wa kukusomea. Kunja noti kwa urefu iwe nyembamba, ingiza ncha mdomoni, ishushe mbele, izungushe chini na kuipandisha nyuma. Inapoishia, chonga pengo pembeni mwa ukanda. Mapengo ni manne: la chini kabisa ni 1,000, la juu ni 10,000.

Noti iliyochanika ncha au kukunjamana husomeka ndogo kuliko ilivyo, na ukiizungusha kwa kulegea ni vilevile. Hapo ndipo unapomlipa muuza viazi wa Mwanjelwa 5,000 ukidhani ni 2,000. Isiyofika mwisho wa mdomo husomeka kubwa, na hilo ni baya zaidi wakati wa kupokea chenji. Sukuma hadi igote, kaza, kisha rudia kwa ncha ya pili.

Noti ya 500 isikusumbue, muda wa kuibadilisha uliisha Aprili 2025. Siku hizi ni sarafu. Mipakani Tunduma (Zambia) na Kasumulu (Malawi), kipimo hiki hakisomi kwacha.

Simu? Programu ya Lookout ya Google, inayomsomea asiyeona kupitia kamera, inatambua dola, euro na rupia, si shilingi yetu. Cash Reader, programu nyingine ya kusoma noti, ina sarafu nyingi zaidi; hakikisha ya Tanzania imo kabla ya kulipia, na ipakue ukiwa na intaneti. Tumia spika ya sikioni, la sivyo soko zima litajua ulichonacho. Wala usiitegemee kugundua noti bandia.

Asubuhi za Juni na Julai kule Makete vidole hufa ganzi. Vipashe kwanza, ndipo uhesabu mapengo.