Chagua Siku Moja ya Kutenda Wema

Watu wengi wakiamua kuwa wema zaidi hukosea mwanzoni kabisa: hujiahidi kumtendea wema kila mtu, kila siku. Siku ya tatu wamesahau, ya tano wanajilaumu. Ahadi isiyo na saa wala mahali haishikiki. Chagua siku moja katika wiki, tuseme Jumanne, upange mambo matano madogo ya kuwafanyia wengine siku hiyo hiyo.

Hiyo tano haikuokotwa njiani. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky na wenzake walieleza utafiti ambapo wanafunzi waliombwa watende mambo matano ya wema kila wiki, kwa wiki 6. Waliofanya yote matano kwa siku moja waliongezeka furaha. Walioyatawanya wiki nzima hawakuona nafuu hiyo. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba jambo moja dogo humezwa na mazoea. Kumshikia mtu mlango ungemshikia tu, na dakika mbili baadaye umeshasahau. Matano kwa mpigo huwezi kutoyaona.

Yawe ya namna tofauti, kwa sababu lile lile likirudiwa kila wiki linageuka zamu. Mpigie simu yule ambaye siku zote yeye ndiye hukupigia. Mpishe kwenye foleni mwenye shida ya haraka. Aliyekuhudumia vizuri, mtaje kwa jina mbele ya mkubwa wake wa kazi. Osha vyombo ambavyo si zamu yako, na usitangaze. Rudisha ulichoazima kabla hujaulizwa (hili peke yake lingeokoa urafiki mwingi).

Pesa si lazima, na zikiwepo si lazima ziwe nyingi. Katika utafiti wa Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton uliotoka mwaka 2008, watu walipewa bahasha asubuhi, nyingine zina dola 5 na nyingine dola 20, wazitumie kabla ya saa 11 jioni. Nusu waliambiwa wajinunulie kitu chao, nusu wazitumie kwa ajili ya mtu mwingine. Jioni, waliozitumia kwa ajili ya wengine walikuwa na furaha zaidi, na kiasi kilichokuwa ndani ya bahasha hakikuleta tofauti. Ajabu ni kwamba watu walioulizwa pembeni wabashiri matokeo walibashiri kinyume chake.

Sasa tuje kwenye msaada wenyewe, maana hapa ndipo nia njema nyingi hupotea bure. "Ukihitaji chochote niambie" ni kauli ya upole, ila inamwongezea kazi mtu aliyekwisha kuelemewa. Inambidi afikirie anahitaji nini, apime ukubwa wake, aanze kuomba, na bado aogope kwamba huenda ulisema kwa adabu tu. Ndiyo maana wengi hujibu "asante sana" na mambo yakaishia hapo. Msaada unaopokelewa husema mambo manne: kitu gani, lini, kwa kiasi gani, na mlango wa kukataa bila aibu. Kwa mtu anayeuguza nyumbani, ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Pole na kuuguza. Kesho saa nne asubuhi naenda sokoni. Nitumie orodha ya vitu vitatu vinne unavyohitaji, nitakuachia mlangoni. Sitaingia, najua mmechoka. Kama kesho haifai, wala usihangaike kujibu."

Sentensi yenye uzito kuliko zote hapo ni "sitaingia". Anayeuguza mara nyingi hukataa msaada kwa sababu msaada huja na mgeni, na mgeni anataka kukaribishwa, kuandaliwa na kuzungumzishwa. Ukimwondolea hilo, umemsaidia mara mbili. Na ile ya mwisho inamfanya asijione ana deni la majibu.

Shukrani nayo ni wema, tena wa bei nafuu kuliko wote, lakini tunaibana. Amit Kumar na Nicholas Epley waliwafuatilia watu walioandika barua za shukrani, wakachapisha matokeo mwaka 2018: waandishi walidhani wapokeaji wangeona haya kuliko ilivyotokea, na hawakukisia ni kwa kiasi gani wangeshangaa na kufurahi. Mwandishi huhangaikia ufasaha wa maneno, ilhali msomaji anaona upendo. Andika mistari mitatu tu: alichokufanyia, kilichobadilika kwako, na kwamba bado unakikumbuka. Usimalizie na ombi. Shukrani yenye ombi mkiani husomwa kama ombi, hata kama ulimaanisha kila neno.

Wahenga wamesema tenda wema nenda zako. Kuhusu kutongoja shukrani, sawa kabisa; anayengoja asante anafanya biashara. Lakini kuona wema wako umefika wapi ni jambo jingine, na hilo linaongeza furaha. Kwa hiyo ukichagua kati ya kuchangia mahali usipopajua na kumfundisha mtoto wa jirani hesabu za kugawanya mpaka azipatie, cha pili kina uwezekano mkubwa zaidi wa kukuacha na moyo mkunjufu.

Kinachoharibu zaidi ni kulazimishwa. Netta Weinstein na Richard Ryan walionyesha mwaka 2010 kwamba anayesaidia kwa hiari yake hunufaika, na anayesaidiwa naye hunufaika zaidi kuliko akisaidiwa na aliyebanwa. Anayesaidia kwa kubanwa hapati faida hiyo. Ukiona jina fulani likitokea kwenye simu moyo unashuka, au umeanza kuhesabu nani hajakulipa fadhila, umeshavuka mpaka. Jizoeze kutojibu papo hapo: "Nitakuambia jioni." Kisha kataa kwa kutaja unachoweza: "Ijumaa siwezi, ila Jumapili alasiri nina saa moja." Akikuomba mkopo ambao ukipotea utakuumiza, usimkopeshe, mpe kiasi kidogo kama zawadi na useme wazi kwamba si deni. Na simu ya kupiga picha ibaki mfukoni. Ukimpiga picha mtu akiwa anapokea, umemgeuza ushahidi wa wema wako, na yeye analijua hilo hata akitabasamu.

Jumanne usiku, kabla ya kulala, andika yale matano na pembeni weka alama kwa yaliyokuacha mwepesi. Baada ya wiki tatu au nne utaona yanayokufaa; mengine yaache bila majuto, kwani si kila mtu ameumbiwa kupiga simu.

Usitarajie miujiza. Mwaka 2018 Oliver Scott Curry na wenzake walikusanya majaribio mengi ya aina hii, wakakuta kwamba kutenda wema kweli huongeza furaha ya mtendaji, ila ongezeko lenyewe ni kati ya dogo na la wastani. Mtu mwenye huzuni iliyodumu zaidi ya wiki mbili, halali vizuri na hana hamu ya kitu, amwone daktari kwanza. Jumanne zake anaweza kuziendeleza sambamba na matibabu, akianza hata na jambo moja badala ya matano.