Mkasi wa kuazima

SWALI: Mama, Bwana asifiwe. Mimi ni mshonaji, napanga hapa Majengo. Nyumba yetu ya Buhene ilimezwa na lava ya volkano Nyiragongo tarehe 22 Mei 2021, na tulikuwa watu wa maombi. Sasa nimepoteza mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, tena si wangu, niliuazima kwa jirani. Usiku nilipiga magoti kuomba upatikane, nikaona haya katikati ya sala. Mama wa parsela (kiwanja) ya pili alizika kijana wake Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Mungu ambaye hakuzuia lava atashughulikia mkasi? Nami nina haki gani ya kumsumbua?
Mshonaji, Goma

JIBU: Binti yangu, sala hiyo irudie uimalize.

Kisha fungua 2 Wafalme 6. Mtu anakata mti kando ya Yordani, chuma cha shoka kinamponyoka na kuzama majini. Analia kwamba kile kiliazimwa! Kilio chenu ni kimoja. Nabii Elisha hakumwambia kwamba Israeli ina mambo makubwa kuliko shoka. Alimwuliza tu kilianguka wapi. Nalipenda sana swali hilo. Chuma kikaelea, na mtu akaambiwa akiokote mwenyewe.

Usifunge Biblia, sura ni hiyohiyo. Mbele kidogo Samaria imezingirwa, njaa imekaza hadi kichwa cha punda kinauzwa vipande 80 vya fedha, na mama mmoja anamlilia mfalme habari ya mtoto wake, aliyekufa kwa njia ambayo sitaiandika hapa. Katika sura ya 7 unga unapatikana tena langoni. Mtoto hakurudi. Biblia haielezi kwa nini, nami sitajifanya najua kwa nini nyumba yenu ilikwenda. Atakayekuambia mliomba vibaya, usimsikilize. Lava hufuata mteremko, na Buhene iliwakuta waombaji na wasioomba.

Tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege, mimi nilikuwa njiani na watoto kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Karibu na barieri ya mpaka ukanda wa kandambili ya yule mdogo ukakatika. Nyuma yetu mbingu ni nyekundu, nami ninamwomba Mungu kipande cha kamba. Baba mmoja mwenye chukudu, ile ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo, akafungua mpira aliofungia mizigo yake, akakata kipande, akakifunga kuzunguka mguu wa mtoto na kandambili, akasukuma chukudu yake akaenda. Simjui hadi leo. Usiku uleule nyumba yetu iliungua. Nimeishi na mambo hayo mawili, wala moja halijafuta lingine. Ila kwa muda mrefu, nilipokosa neno la kumwambia Mungu juu ya nyumba, nilianzia kwenye ule mpira, maana hapo sikuwa na shaka kwamba alituona. Kwa hiyo nakusihi usimfiche mambo madogo. Ukizoea kumnyamazia kwa mkasi, siku ya msiba utaanzia wapi?

Leo kabla ya jioni nenda kwa jirani umwambie wazi kwamba mkasi wake umepotea. Usingoje aulize. Kama haujaonekana, mpangane namna ya kulipa kidogokidogo, au zamu yako ya likelemba, yaani mchango wa kupokezana, ikifika, uanze na deni hilo. Tafuta pia ndani ya mabaki ya vitambaa, na uwaulize wateja waliochukua nguo siku hiyo.

Kuhusu mama aliyefiwa, habari ya mkasi usimpelekee, hata ukipatikana. Mpelekee bidoni la maji na samaki wadogo wa sambaza kidogo, ukae naye. Akisema wiki hii hataki kusikia jina la Mungu, usimkemee wala usimpe mstari. Mwulize habari za kijana wake, alipenda nini, alikuwa anasoma nini, umwache aseme hadi achoke.