Malkia wako mwachie ubaya wake

Mwanangu Rehema,

Huku hatujambo, ila mvua imetukatia umeme, ndiyo maana ujumbe wako nimechelewa kuujibu. Umeniambia riwaya yako inasimulia yaliyotokea kabla ya kisa cha binti mweupe kama theluji, malkia angali msichana, hata kile kioo chake cha uchawi hajakipata. Mhariri anataka umpe utoto mchungu ili msomaji amhurumie. Ukaniuliza, "Mama, nikimweleza hivyo si nitakuwa nimemtetea? Na nisipomweleza, si atabaki zimwi la kutishia watoto?"

Mweleze, mwanangu. Ila usimpunguzie hata chembe ya alichokitenda.

Kwanza rudi kwenye kisa kilivyokuwa. Jacob na Wilhelm Grimm, ndugu wawili Wajerumani waliokusanya hadithi za kale, walipochapisha juzuu yao ya kwanza mwaka 1812, aliyemwonea wivu binti alikuwa mama yake mzazi. Ni yuleyule aliyekaa dirishani anashona, akajichoma sindano, damu ikadondokea theluji, akatamani kuzaa mtoto wa rangi hizo. Na ni yeye baadaye aliyemtuma mwindaji amletee mapafu na ini la mtoto, akayachemsha kwa chumvi, akala. (Kumbe ini lenyewe lilikuwa la nguruwe pori, lakini yeye hakujua.) Toleo la 1819 ndilo lililomuua mama na kumleta mama wa kambo. Katika kisa chao kingine, mama wa watoto Hansel na Gretel, aliyeshauri watoto wakatupwe msituni kwa njaa, alibaki mama mzazi hadi toleo la 1840, ndipo naye akafanywa wa kambo. Vitabu vile vilikuwa vimeingia majumbani, watoto wanasomewa, na Wilhelm, ambaye ndiye hasa aliyekuwa akizitengeneza hadithi toleo baada ya toleo, akamtoa mama mzazi lawamani.

Basi sisi wa kambo tulibebeshwa mzigo huo na kalamu ya mtu. Nasema "sisi" kwa sababu wajua kaka yako nilimpokea angali mdogo. Jioni moja nasimulia, nimefika pale mama wa kambo anapomnyima mtoto chakula, nikamwona ameacha kutafuna. Akaitazama sahani yake, kisha akanitazama mimi. Sikuikata hadithi. Nilimwongezea kipande cha samaki, nikaendelea.

Ningekuwa wewe ningeandika kutoka kwenye kisa cha 1812. Mwanamke anamwomba mtoto kwa moyo wote, anampata, na miaka michache baadaye anataka kumla. Hapo pana riwaya! Ukimweka mama wa kambo umeshampa msomaji sababu ya bure: si damu yake, basi hampendi. Hatahangaika kuuliza zaidi.

Sasa hilo la utoto mchungu. Unakumbuka kisa cha Sultani Darai? Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alikiandika kwa masimulizi ya watu wa Unguja, kikachapishwa London mwaka 1870, lakini wewe ulikisikia kwa bibi yako kabla hujajua kusoma. Maskini Haamdani anachakura jaani kama kuku, anatafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni. Badala ya kununua chakula, ananunua paa, watu wanamcheka. Wanalala pamoja, mtu na paa wake. Paa anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani kwa niaba ya bwana wake, ambaye anamwita Sultani Darai, anamposea binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba na kumpatia bwana wake nyumba ya yule nyoka. Kisha paa anaugua. Haamdani yuko juu na mkewe, hata kushuka kumtazama hataki. Kizee kinapanda na kushuka na habari: paa ana hali mbaya. Jibu ni apikiwe uji wa mtama, kwani si alinunuliwa kwa thumuni tu? Mkewe anamsihi. Hasikii. Paa anakufa, anatupwa kisimani.

Ukimpa mhariri wako kisa hiki atakwambia uandike juu ya jaa: njaa, aibu, dhihaka za majirani, ili tuelewe kwa nini Haamdani alikuja kuwa katili. Lakini tazama, jaani Haamdani alikuwa mtu mwema! Alipokuwa hana kitu alitoa thumuni yake yote kwa ajili ya mnyama. Ubaya ulimjia ghorofani, amekwisha kushiba. Na hakuwa peke yake, mke alikuwa pembeni anamwambia, "Bwana, huyu ndiye aliyekufanya uwe mtu." Alisikia maneno hayo vizuri kabisa, akachagua uji.

Malkia wako naye mpe mtu wa namna hiyo. Awe dada, yaya, hata yule mwindaji, mtu aliyepitia msiba uleule asioze moyo, na awepo siku malkia anapoamua. Msiba mpe ukitaka, sikukatazi. Ila mlango uache wazi, msomaji auone u wazi, na malkia aupite akiwa na akili zake timamu.

Halafu usiwasahau wema. Mwisho wa kisa, malkia analetewa viatu vya chuma vilivyotiwa motoni vikawa vyekundu, anacheza navyo harusini mpaka anakufa. Nani aliamuru viatu vile viwekwe kwenye makaa? Kisa hakisemi. Vimewekwa tu. Lakini harusi ni ya binti mwema, na wageni ni wake. Mimi hapo huwa nasita kila ninaposimulia, na sijawahi kupata mtoto aliyeuliza, wote wanashangilia. Kama una nia ya riwaya ya pili, mtafute mtu wa makaa.

Sura ya tatu unayosema imekwama nitumie kwa karatasi, si kwenye simu, macho yangu hayawezi tena maandishi madogo. Basi la Alhamisi linafika mapema, mpe kondakta yule anayemfahamu baba yako. Na mwambie mhariri mama yako anamsalimu.

Mama yako