Bwana Shamba Mstaafu Anajibu: Muhogo Unaooza, Chuo Kilicho Morogoro na Udongo wa Mfuko wa Mbolea

Shikamoo mzee. Mihogo yangu hapa Pangani, kwa juu imestawi, lakini nikichimba nakuta ndani madoa ya kahawia, makavu kama kizibo. Nimepiga dawa mara mbili, wapi! – Mama wa Mwera

Marahaba mwanangu. Hiyo ni michirizi ya kahawia, na ulichopiga ni hasara tupu, kwa sababu huo ni ugonjwa wa virusi. Huenezwa na inzi weupe, na huenezwa zaidi na mbegu, yaani vile vijiti tunavyogawiana kwa ujirani mwema. Mti unaweza kusimama mzuri kabisa huku chini umeshaoza, ndiyo maana anayekupa naye hajui anachokupa.

Ugonjwa huu ni wa kwetu hasa. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza miaka ya 1930 na watafiti waliokuwa kituo cha Amani, hapo juu Usambara. Kituo hicho kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Baadaye, chini ya Waingereza, watafiti Storey na Nichols wakapandanisha muhogo na mti wa mpira wa Ceará ili kupata aina zinazohimili michirizi na batobato, ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo. Mihogo mingi bora inayolimwa leo Afrika ina asili katika kazi hiyo ya Amani, na wewe uko Pangani unaozewa na muhogo. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Sasa fanya hivi. Vuna mapema, usiuache ardhini ukidhani ni ghala, maana madoa huongezeka kadiri unavyokaa. Mashina ya shamba hilo usiyafanye mbegu. Ukipanda tena, ulizia aina iitwayo Kiroba: majani yake huweza kuonyesha dalili, lakini mizizi huumia kidogo. Mbegu ichukue kwa mzalishaji aliyekaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

Nasikia Marekani chuo kikuu kinamfuata mkulima mpaka shambani. Sisi tuna SUA, chuo kikuu cha kilimo kilicho Morogoro, mbona Muheza hatuwaoni? – Mkulima wa machungwa

Swali lako limenikosesha usingizi, bwana wee. Wenzetu walijenga jambo hilo kwa sheria tatu. Mwaka 1862 majimbo yalipewa ardhi ya kuanzishia vyuo vya kilimo. Mwaka 1887 vikatengewa fedha za vituo vya utafiti. Mwaka 1914 ukaongezwa ugani. Kufundisha, kutafiti na kumfikia mkulima vikakaa chini ya paa moja.

Kwetu paa ni tatu. Chuo Kikuu cha Sokoine, yaani SUA, kilichopata hadhi hiyo mwaka 1984, kinafundisha na kutafiti, kikiwa upande wa Wizara ya Elimu. TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inatafiti chini ya Wizara ya Kilimo. Afisa ugani wa kata yako ameajiriwa na halmashauri. Kila mmoja ana bosi wake na bajeti yake. Jibu la tatizo lako huenda limeshapatikana, ila halina miguu ya kufika Muheza.

Nisiwaonee SUA lakini. Wana taasisi ya elimu ya kujiendeleza, na msitu wa Mazumbai kule Usambara ni wao. Ila mkulima mmoja akiandika barua haisogei. Andikeni kama kikundi kupitia kwa afisa ugani wenu, mkitaja tatizo moja tu. Mkiandika "tunaomba msaada wa kilimo" mtajibiwa kwa vipeperushi.

Nawezaje kupima udongo? – Handeni

Kituo cha TARI Mlingano, Muheza, ndio wenye kazi hiyo. Wengi wanawajua kwa mkonge tu. Pita shambani kwa mwendo wa kona kona, uchote sehemu kama kumi na tano, kina cha sentimita 20. Kwepa kichuguu, zizi la zamani na mahali palipochomwa takataka. Changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, upeleke kama nusu kilo. Andika jina, kijiji na zao unalotaka kupanda. Fanya hivyo mapema kabla ya masika, usije na ndoo wenzako wakipanda.

Na mfuko uwe safi! Kuna mzee mmoja enzi zangu alileta udongo ndani ya mfuko wa mbolea ya DAP. Kwa vipimo vile angeweza kuwauzia wenzake shamba lake kama mbolea.

Afisa ugani wetu anadai hela ya mafuta ndipo aje. Ni halali?

Ushauri wake haulipiwi, analipwa mshahara. Mwaka 2022 serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani, lakini pikipiki hainywi maji, na mafuta halmashauri nyingine hutoa kwa kubania. Mkijikusanya kumi mkamwita siku moja, kwenye shamba moja, kisingizio kinaisha. Akikataa hata hapo, nendeni kwa mtendaji wa kata.

Binti yangu kamaliza kidato cha nne, anapenda mifugo. Lazima aende Morogoro?

Hapana. Buhuri, hapo hapo Tanga, kuna kampasi ya LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, wanafundisha astashahada na stashahada za mifugo. Akipenda mazao, kuna chuo cha kilimo Mlingano. Chuo kikuu anaweza kufika baadaye akitokea huko, tena akiwa ameshakamata ng'ombe kwa mikono yake.

Nanenane Morogoro, inalipa nauli kutoka Tanga?

Kanda yetu ya Mashariki hukutana huko, na watafiti wa SUA na TARI huwa mezani, hawana pa kukimbilia. Nenda, ila usibebe shina la muhogo unaougua ukampelekee mtaalamu. Piga picha za jani, shina na mzizi uliopasuliwa, uende na simu yenye chaji.